Wanasoma ukurasa mzima, lakini neno moja ubaoni hawalijui

Swali: Shikamoo, mwalimu. Nafundisha darasa la kwanza, wanafunzi 58, na huu ni mwaka wangu wa pili kazini. Watoto wangu wanasoma kurasa za mwanzo za kitabu bila kukosea, tena kwa sauti nzuri. Wiki iliyopita nilichukua maneno matano kutoka kurasa hizo hizo nikayaandika ubaoni. Walioweza kusoma hata mawili hawakufika kumi. Mwenzangu mmoja ananiambia nirudi kwenye ba, be, bi, bo, bu hadi ziwakae kichwani. Mwingine anasema nianze upya na alfabeti. Kuandika nimekuahirisha mpaka wajue kusoma kwanza. Nimekosea wapi, na nianzie wapi?

Jibu: Marahaba, mwalimu mwenzangu. Nianze na hilo jaribio lako la maneno matano, maana hapo umefanya kazi kubwa kuliko unavyodhani. Walimu wengi huligundua tatizo hili mtoto akiwa darasa la tatu, pale habari za kitabuni zinapokuwa ndefu mno kukaririka. Wewe umeliona mapema, na muda wa kulirekebisha upo.

Watoto wako hawausomi ule ukurasa, wameushika kichwani. Umewasomea, wameitikia, mkarudia kesho na keshokutwa. Kumbukumbu ya mtoto wa miaka sita au saba ni kali ajabu, na ukurasa wa sentensi nne unamkaa ndani ya siku mbili. Macho yapo kitabuni, kidole kinatembea chini ya mstari, picha inamkumbusha sentensi ipi inafuata, ila herufi zenyewe hazifanyi kazi yoyote. Usiwaone wavivu wala wadanganyifu. Wamefanya kile walichoelewa kuwa ndiko kusoma: kusema maneno sahihi mbele ya ukurasa sahihi.

Niliwahi kuwa na binti mmoja aliyesifiwa na kila mtu kwa kusoma. Siku moja nikamwambia aanzie mstari wa tatu. Akanyamaza, midomo ikawa inacheza. Nilipomsogelea nikamsikia ananong'ona mstari wa kwanza, kisha wa pili, ndipo akapaza sauti kwenye wa tatu. Hakuwa na njia nyingine ya kuufikia. Mimi ndiye niliyekuwa nimemwandikia "anasoma vizuri" kwenye ripoti ya muhula uliopita, na ripoti ile inaniuma mpaka leo.

Ukimwelewa binti huyo, utaelewa kwa nini sikushauri urudi kwenye ba, be, bi, bo, bu kwa namna inavyofundishwa mara nyingi. Sina ugomvi na silabi. Kiswahili kimejengwa kwa silabi na mtoto lazima azifikie. Ninachokihofia ni wimbo. Mtoto aliyeimba mstari ule miezi mitatu, mwonyeshe "bo" peke yake, utaona anaanza kimoyomoyo ba, be, bi, mpaka aifikie. Ameshika mfuatano, alama bado. Halafu tazama mzigo wenyewe: silabi za Kiswahili, ukijumlisha za ch, sh, ny, mb, nd, mw na nyinginezo, zinapita mia moja kwa mbali. Kuzikariri kila moja kama picha yake ni kazi ya bure, wakati herufi zenyewe ni chache na ujuzi wa kuziunganisha ni mmoja tu. Mtoto akiupata ujuzi huo, silabi ambayo hajawahi kufundishwa ataisoma mwenyewe.

Na alfabeti? Majina ya herufi atayahitaji baadaye, atakapotumia kamusi. Kwenye kusoma, kinachomsaidia ni sauti ya herufi. Mtoto akilitaja neno "lima" kwa majina ya herufi zake, moja baada ya nyingine, hakuna kitu katika majina hayo kinachomwonyesha namna yanavyozaa "lima". Akizitaja kwa sauti zake, neno linajitokeza lenyewe mdomoni mwake.

Hapa lugha yetu inatupendelea. Irabu ni tano, na kila moja ina sauti ile ile popote ilipo. "A" ya "mama" ndiyo "a" ya "asubuhi" na ndiyo "a" ya "kitabu". Mwalimu wa Kiingereza hana bahati hiyo. Mwaka 2003 Philip Seymour na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha watoto wanaojifunza kusoma katika lugha 13 za Ulaya. Kufikia mwisho wa darasa la kwanza, watoto wa Kifini, Kigiriki, Kiitalia na Kihispania walisoma kwa usahihi zaidi ya asilimia 90 ya maneno waliyoyazoea. Watoto wa Uskoti waliokuwa wakijifunza kwa Kiingereza walifika kama asilimia 34. Kiswahili hakikuwemo, lakini tahajia yake imekaa upande wa Kifini na Kiitalia. Kwa hiyo mtoto wa darasa la kwanza anayesoma Kiswahili anaweza kabisa kumaliza mwaka akisoma neno lolote la kawaida, hata lile ambalo hajawahi kuliona.

Sasa tuanzie wapi? Kwenye masikio, kabla ya chaki. Kupiga makofi kwa silabi watoto huweza haraka: sa-ma-ki, makofi matatu. Kigumu ni kusikia kwamba ndani ya "sa" kuna sauti mbili. Jambo hili haliji lenyewe, na ndiyo ngazi ambayo darasa lako limeiruka. Kila asubuhi chukua dakika tano, vitabu vikiwa vimefungwa. Waulize: "meza", "mama", "kiti", lipi limeanza kwa sauti tofauti? Sema "samaki" bila "sa". Nikisema mmm-aaa, nimesema nini? Sssiii je? Katika dakika hizo tano usiwaonyeshe herufi. Ukifanya hivi kwa wiki mbili utashangaa jinsi kazi ya ubaoni inavyokuwa nyepesi.

Kisha leta herufi, chache chache. Mimi huanza na a, i, m, halafu n, s, l. Sababu yake ni ya mdomoni: m, n, s na l unaweza kuzivuta, mmmm, ssss, na mtoto akazisikia zikiteleza kuingia kwenye irabu. Sauti za b, t, k haziwezi kuvutwa. Mwalimu akijaribu kuzitaja peke yake hujikuta anasema "bu" au "ka", na mtoto akiunganisha "bu" na "a" anapata "bua" badala ya "ba". Hizo zisubiri mpaka mtoto ashike maana ya kuunganisha. Andika yote kwa herufi ndogo mwanzoni, herufi kubwa zitakuja.

Herufi sita tu, na tazama unachokipata: mama, mimi, sisi, nani, lini, lala, lima, mali, asali, simama, salama. Tena unapata sentensi kamili, zenye maana. mama analima. nani analala? mimi nina asali. lala salama, mama. Mtoto anayesoma "lala salama, mama" wiki ya tatu kwa nguvu zake mwenyewe, bila picha na bila kiitikio, anaujua ushindi wake. Nimewaona wakiruka kutoka kitini.

Wakati wa kuunganisha, pitisha kidole chini ya m kuelekea a bila kusimama: mmmaaa, kisha haraka, ma. Kosa linalojirudia ni kumwacha mtoto akate: m. a. Halafu ananyamaza na kubahatisha. Sauti isikatike kati ya herufi na herufi. Akishaweza silabi mbili, aziunganishe kwa namna hiyo hiyo.

Ukishaongeza p, b, t, k na o, cheza mchezo wa kubadili herufi moja. Andika "bata". Futa b, weka p: "pata". Badili tena: "pita", "pika", "paka", "taka", "toka". Kila badiliko wasome wao, na usiwasaidie. Hapo hakuna cha kukariri, maana neno linageuka mbele ya macho yao, na wanalazimika kuangalia herufi iliyobadilika imekaa wapi. Ningeambiwa nichague zoezi moja tu la kubaki nalo darasani, ningebaki na hili. Jedwali la silabi nalo linarudi hapa na kuwa na faida, ilimradi liwe limechanganywa: no, ba, ti, ka, mu, bila mpangilio unaoimbika.

Makundi ya herufi yaje baadaye: ch, sh na ny kwanza, kisha mb, nd, nj, nz, ng, kisha mw na kw, na mwishoni th, dh, gh. "Ngoma" na "ng'ombe" zitenganishe kwa wiki kadhaa, usizilete siku moja. Ile m inayosimama bila irabu haiwezi kungoja sana, maana "mtu", "mti" na "mke" ni maneno ya kila siku. Wafundishe kwa makofi: m-tu ni makofi mawili, kwa hiyo m ina kofi lake. Halafu walinganishe "mbuzi", mbu-zi, na "mbwa", m-bwa. Watoto hupenda sana kulibishania hili, na ubishi huo ni masomo.

Nakuja kwenye kuandika, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Ukiniuliza kosa lako kubwa ni lipi, nitasema ni kuahirisha kuandika. Kusoma kunaweza kubahatishwa kwa picha, kwa sentensi iliyotangulia, kwa uso wa mwalimu. Kuandika hakubahatishwi. Mtoto anayeandika "lima" bila kunakili amelazimika kulisikia neno, kulitenganisha, kuchagua alama ya kila sauti na kuzipanga kutoka kushoto kwenda kulia. Hiyo ndiyo kazi ya kusoma ikifanywa kwa upande wa pili, na kila moja inaipa nyingine nguvu. Kunakili kutoka ubaoni hakutoshi. Mtoto hunakili ukurasa mzima huku hajui hata neno moja, kama anavyochora.

Kwa hiyo imla kila siku, dakika kumi, maneno matatu na sentensi moja fupi, yote kwa herufi walizokwisha kujifunza. Wewe unasema neno. Wao wanalirudia, wanalipigia makofi, wanatamka sauti zake polepole, wanaandika. Kisha, na hili husahaulika mno, wanasoma walichoandika wao wenyewe. Wengi hugundua kosa lao hapo hapo, bila wewe kusema neno.

Makosa yao yasome kama daktari anavyosoma kipimo. Mtoto akiandika "nyuba" kwa "nyumba", "kitada" kwa "kitanda" au "tebo" kwa "tembo", usimwekee alama nyekundu ukapita. Anakuambia kwamba bado hasikii m na n zinapojificha mbele ya konsonanti nyingine, na watoto wengi sana duniani huteleza hapo. Mwambie aweke kidole puani aseme "nyumba" taratibu, ataihisi ile m ikitetemesha pua. Akiandika "mutu", ameongeza irabu kwa sababu umemzoesha kwamba kila konsonanti ina irabu yake, basi mrudishe kwenye makofi. Akiandika "mualimu", amesikia vizuri kabisa. Mpongeze kwanza, ndipo umwonyeshe mw. Akiandika "ta" kwa "taa", makofi tena: ta-a, mawili. Na yule anayechanganya l na r, chunguza lugha ya nyumbani kwao. Ziko lugha zisizotofautisha sauti hizo mbili, na mtoto huyo hana shida ya kusoma, ana shida ya sikio linalohitaji mazoezi. Mpe jozi zinazobadili maana: kalamu na karamu, kula na kura, mahali na mahari.

Herufi zinazogeuka, b na d hasa, zisikutie hofu. Ubongo wa mtoto umezoea kwamba kikombe ni kikombe hata mkono wake ukielekea kushoto au kulia, na sasa unamwambia kuwa alama ile ile ikigeuzwa ni kitu kingine. Inachukua muda. Fundisha b mpaka ishike kabisa, ndipo ulete d wiki kadhaa baadaye. Mwandiko mzuri nao utakuja kwa mazoezi mafupi ya kila siku, herufi ikianzia mahali pake na mkono ukifuata mwelekeo uleule. Usidai urembo kwa mtoto ambaye vidole bado vinachoka.

Mara moja kwa wiki waache waandike wanachotaka wao, hata kama ni maneno mawili na mchoro. Usisahihishe kila kitu. Msomee mwenyewe alichoandika, kwa sauti, kama unavyosoma barua aliyokuletea mtu. Mtoto akigundua kwamba alama alizoziweka karatasini zimekifikisha kichwani mwako kile alichokuwa nacho yeye, hutahitaji kumshawishi tena kwa nini ajifunze.

Najua utasema: wanafunzi 58. Hapo ndipo kiitikio kilipozaliwa, na sikulaumu. Lakini ndani ya sauti ya darasa zima mtoto anaweza kujificha mwaka mzima, akifuata midomo ya jirani. Kuitikia pamoja kubaki kwenye nyimbo na michezo ya sauti. Kusoma kuwe kwa kunong'ona, kila mmoja na mstari wake, au wawili wawili, wa juu kidogo na wa chini kidogo. Ukimweka anayeongoza kabisa na aliye nyuma kabisa, mmoja atafanya kazi yote. Wewe, wakati huo, ita sita kwa siku, dakika moja kila mmoja. Kwa siku kumi za shule umewasikiliza wote. Mpe maneno ambayo hayamo kitabuni, na changanya mawili matatu yasiyo na maana yoyote, kama "nupa", "lomi", "sefa". Neno lisilo na maana hakuna aliyelikariri. Anayelisoma anajua kusoma. Andika kwenye daftari lako kilichomshinda, maana hicho ndicho somo lake la kesho.

Kuna hatari moja inayotokana na ule urahisi wa lugha yetu. Kwa kuwa Kiswahili kinasomeka kama kilivyoandikwa, mtoto anaweza kutamka ukurasa mzima sawasawa na asielewe hata sentensi moja, hasa kama hakizungumzi nyumbani. Mwaka 1986 watafiti wa usomaji Philip Gough na William Tunmer waliandika kwamba kuelewa maandishi ni zao la vitu viwili, kuyatamka yaliyoandikwa na kuielewa lugha yenyewe, kwa maana ya kuzidisha. Kimoja kikiwa sifuri, jibu ni sifuri, hata kingine kiwe kikubwa kiasi gani. Kwa hiyo wasomee wewe hadithi kila siku, ndefu na tamu kuliko wanazoweza kusoma wao, na waulize maswali yasiyojibika kwa neno moja: kwa nini alirudi? Ungekuwa wewe ungefanyaje? Hapo ndipo kile kitabu chako cha darasa kinapoingia kwa sasa, kama kitabu cha kusomewa na kuzungumziwa. Sentensi za wao kusoma ziandike wewe ubaoni, kwa herufi wanazozijua.

Tena maneno yetu ni marefu. "Tulipomsalimia" ni neno moja lenye sentensi nzima ndani yake, na mtoto anayelisoma silabi kwa silabi akifika mwisho amesahau alikoanzia. Silabi zikishakuwa nyepesi, mzoeshe kuona vipande vikubwa: ana-, wana-, tuna-, nita-, wali-. Andika "analima, wanalima, tunalima, nitalima" moja chini ya nyingine, na mtoto ataona kwamba sehemu moja haibadiliki. Msomeshe habari fupi ile ile siku tatu tofauti, lakini siku ya tatu sentensi ziwe zimepangwa vingine. Kasi itakuja, na kumbukumbu haitapata pa kujificha.

Baada ya miezi miwili utabaki na wachache ambao hawasogei. Kabla ya kusema lolote juu ya akili zao, simama nyuma yao useme neno kwa sauti ya chini uone kama wanageuka, kisha waweke mbele uone kama wanasoma ubao vizuri zaidi. Ukiwa na shaka, ongea na wazazi wampeleke kupimwa macho na masikio. Nimeshamwona mtoto aliyeitwa mzito mwaka mzima, kumbe sikio moja lilikuwa limejaa usaha.

Jumatatu anza na michezo ya sauti na zile herufi tatu za mwanzo, na imla ya neno moja tu, "mama". Usiwaambie wanarudi nyuma, waambie wanaanza kuandika. Baada ya wiki tatu, niandikie maneno waliyoyakosea kwenye imla, kama walivyoyaandika wao, na idadi ya waliokosea kila neno. Nitayasoma yote, kisha tutapanga herufi zinazofuata.